Giaboksi ya Kijana wa Ntimaru

Giaboksi ya gari langu ilikufa mlimani, kabla hatujafika lami ya kuingia Homa Bay, mama akiwa amelala kiti cha nyuma tukimpeleka kusafishwa damu. Injini ilinguruma, gari likakataa kusogea. Nilikanyaga mafuta huku nikitukana, mama akaniambia niache matusi, tuko na Mungu. Siku hiyo tuliokolewa na pikapu ya mchanga. Baada ya hapo hakuna aliyetuokoa.

Mama alikuwa na zamu mbili za mashine kila wiki. Akikosa moja, uso na miguu vinavimba. Akikosa ya pili, daktari alituambia wazi, tusije tukashangaa. Hakuweza tena kukaa wima, kwa hiyo matatu na bodaboda hazikutufaa. Na madereva wa teksi wa kwetu wakiona mgonjwa amebebwa kwa shuka, wanawasha gari na kuondoka. Gari lililofiwa na mtu ndani halirudi kazini mpaka lifanyiwe mambo yake ya kulitakasa, na abiria akijua halipandi. Basi walikataa kwa adabu, wakimwita mathe, wakimtakia nafuu. Nilitamani kuwazaba makofi.

Fundi wangu alifungua boneti akanionyesha kibao chenye herufi za giaboksi. "Anti, gari lako ni la zamani. Hizi herufi zikitofautiana hata moja, usibebe." Homa Bay yote hakukuwa na kitu. Migori nilipata moja, bolti zote zikaingia, nikaanza kumshukuru Mungu. Wapi! Kumbe ni ya foo-wili, gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, langu huvuta kwa mawili, na plagi za waya zikakataa kabisa kuingiana. Tukaifungua, tukairudisha. Wakati huo zamu moja ya mama ilikuwa imeshapita na macho yake yamevimba hadi yamebaki mistari.

Ile yenye herufi zangu niliipata kwenye yadi ya vipuri njia ya Osiri. Muuzaji aliipangusa kwa kitambaa, akaisifu kama wanavyosifu huko. Giaboksi ya gari lililozeeka usiiguse, alisema, chukua ya gari lililopata ajali, kwa sababu hiyo ilikuwa inafanya kazi mpaka dakika ya mwisho. "Hii ilikuwa inakimbia, madam. Dereva ni kijana wa Ntimaru, alikufa papo hapo. Lakini yenyewe haina hata mkwaruzo!" Yadini hiyo ndiyo garantii, na kila mtu huipokea hivyo. Mimi pia niliipokea nikitabasamu.

Fundi akaifunga. Gia ziliingia zote, laini. Nilifika kwa mama nikipiga honi, nikakaa kitandani kwake nikamweleza uzuri wa kitu nilichopata, na kwa kuwa nilikuwa na furaha nikamsifia kwa maneno yale yale ya yadini. Papo hapo, haina mkwaruzo. Wololo! Mdomo wangu huu.

Mama akauliza, "Nyara, na watu wake walisema nini?" Nyara, yaani binti yangu, aliniita hivyo akiwa hana mchezo.

"Watu wake? Mama, nimenunua yadini!"

"Kitu alichokufa nacho mtu hakitoki hivi hivi. Wenyewe waseme neno. Bila hivyo sipandi."

Nilimkumbusha kwamba yeye ni mama wa kanisa, hakosi ibada. Akasema Yesu hajakataza adabu. Nikamwambia basi tuwapigie simu. Akaniuliza kama siku hizi posa nayo inapelekwa kwa simu. Kaka yangu alitaka tumbebe kwa nguvu, mama akashika mbao ya kitanda kwa vidole vile vilivyovimba, na hakuna kati yetu aliyethubutu kuvibandua. Nilitoka nje nikalia kwa hasira. Alikuwa anajiua kwa heshima ya mtu asiyemjua.

Asubuhi nilimwachia kaka amwangalie, nikaelekea Ntimaru. Muuzaji alikuwa amenielekeza kwa simu. Njia ni ndefu, nami niliendesha nikigombana na mama peke yangu, kwa sauti.

Mama wa yule kijana alikuwa uani akipukuchua mahindi. Nilimweleza yote bila kuficha, hata yale maneno ya yadini. Hakulia. Aliniomba niwashe gari. Akalizunguka, akasimama mbele, akaweka kiganja juu ya boneti, nami nikabadilisha gia moja baada ya nyingine kama alivyotaka. Alisikiliza kwa muda mrefu mno, na mimi ndani nilikuwa nachemka, mama yangu anasubiri.

Mwishowe akasema, "Mwambie mama yako apande. Mwanangu alikuwa anabeba wagonjwa. Hawezi kumkataa huyu."

Nilishika mikono yake, kisha nikaingia garini. Niligeuza gari nikaliendesha kama mwizi, na ile giaboksi haikunisumbua hata mara moja.

Nilipokata kona ya kwetu nikasikia nduru. Wanawake walikuwa wamejaa uani. Kaka alinijia dirishani, akasema mama ameondoka saa hii tu, sasa hivi alikuwa anauliza kama nimerudi. Nyuma yake majirani walikuwa wanatafuta pikapu ya kumpeleka mochari, kwa sababu kila mtu alijua gari langu mama amelikataa.

Niliingia ndani nikawaomba watoke. Nikainama sikioni mwa mama, nikampa lile neno lote kama nilivyopewa, bila kupunguza. Sikio lilikuwa bado na joto.

Kisha nikatoka nikawaambia waache kutafuta. Atapanda langu. Ameruhusiwa.