Nyuma ya Beji ya Nasor

Nakumbuka siku moja mchanga ulivyolia juu ya sinia ya shaba, chwaaa, kama mvua ya kwanza juu ya bati, kaka yangu Humud alipokung'uta mfuko wake ukumbini kwetu Ibra. Sauti ile, mwanangu, leo sipendi hata kuisikia. Lakini siku ile niliifurahia.

Nilikuwa msichana wa kucheka ovyo. Shule niliiachia Tabora tuliporudi Omani, mwanzoni mwa miaka ya sabini, na yaliyobaki nikasomeshwa na beji. Naam, beji za kitambaa. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili Baba alikuwa fundi cherehani kwenye kiwanja cha ndege huko bara. Mafundi wa Kizungu waliotumwa na viwanda vya kuunda ndege wakimletea ovaroli zao awashonee nembo kifuani. Kila kiwanda na nembo yake: hiki ndege aliyetanua mbawa, hiki nyota na pangaboi, hiki herufi zilizoshikana. Zilizobaki alizitunza, akaja kunipa mimi. Nikaongeza nyingine kwa wazee waliofanya kibarua kiwanja cha ndege cha pwani ya hapa Omani, huko mbele ya Jalan, wakati wa vita hivyo hivyo. Wenzangu wakiota harusi, mie naota niko juu ya mawingu.

Baba alinifunza kuzitambua. "Usoni zote zinajisifu," akisema. "Igeuze. Nyuma ndiko inakosema kweli." Kwa nyuma nikajua ipi ya mashine, ipi ya mkono, ipi ya kiwandani na ipi ya kuigiza.

Jirani yetu alikuwa Bi Zuwena, mzaliwa wa Unguja, aliyeletwa Ibra na mumewe, Nasor, kabla ya vita. Nasor alipata kazi ya kupakia mizigo kwenye kile kiwanja cha pwani. Siku moja akapanda ndege aende kusaidia kushusha shehena, na ndege haikurudi. Wengine walisema imezama baharini. Wengine, na walimwengu hawana dogo, walisema Nasor kaoa Bara Hindi. Miaka ikapita thelathini na zaidi. Bi Zuwena hakutaka kwenda kwa kadhi mumewe ahukumiwe kuwa amekufa. Kila Ijumaa alitia wanja na hina, na akija mtu kumposa alimjibu, "Mie mke wa mtu," kisha akamkaribisha kahawa.

Siku ya mchanga alikuwa kwetu, anakunywa kahawa na tende. Humud alikuwa dereva wa wapima ardhi. Akatuhadithia kwamba jangwani wamekuta mbavu za ndege ya zamani, na chini yake koti. Beji ya kotini ameibandua aniletee mimi.

Baba aliipokea kwanza. Akaigeuza, akaitazama sana, kisha akaiweka mkekani, uso juu, akaifunika kwa kiganja. Akaanza kumuuliza Humud habari za njia, na kama huko Bahla tende zimeshaiva. Kimya kingi kina mshindo mkuu, mwanangu, lakini mie masikio yangu yalikuwa bado mabichi. Nikaichomoa chini ya kiganja chake.

Nikaigeuza. Upande mmoja mshono wa kiwandani ulikuwa umefumuka, ukashonwa upya kwa uzi wa kofia, vitundu vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi, kama wanawake wa Unguja wanavyoshona kofia, safi kabisa. Nikacheka kwa furaha.

"Baba, hukuona? Hii kashona mwanamke wa Unguja. Mwenye koti alikuwa na mke mwenye mkono mzuri, wallahi."

Bi Zuwena akanyoosha mkono. "Nipe, mwanangu."

Akaipapasa ule upande wa nyuma kwa kidole gumba, hakuitazama hata usoni. "Ilikuwa imebanduka pembeni," akasema. "Koti kapewa na Mzungu. Nikamwambia vua nikushonee, watu wasije wakasema huna mke." Kisha akamgeukia Humud. "Na yeye mwenyewe?"

Humud aliinama. Akasema walichokikuta wamekizika, na wamekisalia.

Bi Zuwena akashika pembe ya leso yake, akafuta wanja jicho moja, kisha la pili. Hakutia tena mpaka alipoingia kaburini.

Na baya zaidi lilikuwa bado. Shehe alipoulizwa alijibu kwa upole kwamba eda huhesabiwa tangu siku aliyokufa mume. Ya Bi Zuwena ilikwisha angali kijana, hana tena eda ya kukaa. Basi hapakutandikwa jamvi la matanga. Majirani walimpa pole njiani, wakaenda kwenye mashamba yao. "Hata kumlia nimechelewa," aliniambia mlangoni pake, wala hakunilaumu.

Baba ndiye aliyenisemesha, baada ya alasiri, bila kupaza sauti.

"Ulidhani sikuuona ule uzi? Niliuona kabla yako. Nilikuwa natafuta mlango wa kuingilia. Wewe umempa kifo cha mumewe kwa kicheko, kama unampa peremende."

"Sikujua, Baba."

"Hukujua ni nani mwenye koti. Lakini ulijua koti lina mwenyewe."

Mwanangu, maji yakimwagika hayazoleki. Penda unachokipenda, kikusanye, kijue mpaka ndani. Ila kila kitu cha kale ulichokishika kilivuliwa na mtu, au kilibanduliwa mwilini mwake, na huenda watu wake wangali hai, wamekaa na wewe mkeka mmoja wanakunywa kahawa. Ukishajua jambo, usilikimbilie kulisema. Tazama kwanza nani yupo, na nani atamshika mkono atakapolisikia. Kuna ujuzi ambao si wako; wewe umebebeshwa tu, umfikishe mwenyewe taratibu.

Mola akupe macho ya kuona nyuma ya vitu, na ulimi wenye subira. Na habari nzito ikikujia, ikujie kwa mkono wa mwenye huruma, Amin.

Mimi siku ile, kwa kuwa hapakuwa na hitima, nilichukua msahafu nikapanda darini peke yangu, nikamsomea Nasor Yasini. Kusoma kwangu kulikuwa bado kwa kukwama. Kila nilipokosea nilirudi mwanzo wa aya, mpaka nikaimaliza.