Mama Mwenye Mtoto Mgongoni

Siku serikali ilipotuamuru kushusha misalaba darasani, mimi ndiye niliyepanda juu ya benchi. Direkta wetu wa shule alikuwa na goti bovu, na walimu wanaume wote walijifanya wana kazi nyingine. Msalaba wa darasa langu ulikuwa mdogo, wa mbao nyeusi. Ulipotoka, ukutani ikabaki alama yake, safi kuliko rangi yote iliyoizunguka, na kando yake foto ya Rais, ambayo haikuguswa na mtu. Mwanafunzi mmoja akaniuliza kama Yesu amepewa mutation, jinsi walimu wanavyohamishwa. Nikamwambia afungue daftari yake ya hesabu.

Tayari walikuwa wametunyang'anya majina ya ubatizo. Tulijifunza kuitana upya kama watu waliokutana jana. Nilivumilia. Lakini alama ile ukutani niliitazama kila asubuhi nikifundisha, na kila asubuhi ilinichoma. Ndipo nikajiambia: huku kazini wanaamuru wao, lakini nyumbani kwangu naamuru mie. Nitaweka kitu kizuri cha Kikristo, ambacho mtu akiingia tu atajua hapa watu wanasali, na ambacho mie mwenyewe nikirudi nimechoka kitanikumbusha kusali.

Ningejua!

Nyumba yetu ilikuwa Cimpunda, kwenye mteremko, na mabati yake yalivuja. Tulikuwa na foto ya Moyo Mtakatifu wa Yesu tuliyopewa siku ya ndoa, lakini mvua za Bukavu hazikuihurumia. Kila msimu karatasi ilivimba zaidi, mpaka ukungu ukamla Yesu shavu moja. Bwana yangu alisema, "Toa hiyo kitu, inaonekana kama mugonjwa wa meno." Alikuwa karani katika biro ya serikali, mtu wa kupiga pasi hata soksi, na kwa kanisa alikuwa amepoa tangu zamani. Nikaitoa. Safari hii nilitaka kitu ambacho maji hayakiwezi.

Nikaenda Nyantende kwa mjomba wangu, kaka ya mama. Alikuwa mlimaji, lakini pia alichonga: vinu, viti, mipini ya majembe, na wakati mmoja mtakatifu kwa ajili ya kapela ya kule kwao. Nikamweleza vizuri kabisa.

"Mjomba, nataka Bikira Maria mwenye kubeba Mtoto mikononi. Sawa na ule wa kanisani."

"Nimesikia," akasema.

Alikuwa na kipande cha libuyu, mbao nyekundu nzito. Nilirudi baada ya mavuno ya maharagwe, nikakuta wageni wamekikalia. Nilirudi tena, kulikuwa na kilio kwa jirani na hakuna aliyeshika chombo. Mara nyingine patasi ilikuwa imeazimwa na mtu wa mlima wa pili. Kila mara nilipanda kamioneti na kushuka na vumbi mpaka kwenye nyusi, na kila mara mjomba aliniuliza, kwa upole mkubwa, haraka ni ya nini kwa kuwa Bikira hafi.

Hatimaye akaniita. Sanamu ilikuwa imesimama juu ya kinu kilichopinduliwa, imepakwa mafuta, inang'aa. Nilitazama uso: uso wa mama wa kwetu, mashavu mapana, midomo imefungwa kama mtu aliyebana uchovu. Mkono mmoja ulishika jembe begani. Mwingine ulishika fundo la kitambaa kifuani.

"Mjomba, Mtoto yuko wapi?"

Akaigeuza. Mtoto alikuwa mgongoni, amefungwa katika kitambaa, shavu limelala juu ya mgongo wa mama yake, macho wazi.

"Nilikuambia mikononi!"

"Mikono iko na kazi. Weye uliona wapi mama wa hapa anatembea na mutoto mbele, kama kikapo cha nyanya? Akianguka je?"

"Lakini ni Bikira Maria!"

"Bikira hakulimaka?"

Nikamwomba achonge nyingine. Akasema mbao imekwisha na mikono inamuuma. Nikaibeba.

Saloni yetu, chumba cha kupokelea wageni, ilikuwa na kabati moja dhidi ya ukuta, na juu yake ndipo pahali pa heshima. Nikamsimamisha pale. Sasa fikiria: ukimweka mama huyo mgongo ukutani, unaona mwanamke mwenye jembe, basi. Mtoto amefichwa. Ukimgeuza, unaona Mtoto, lakini Mama wa Mungu amewapa wageni mgongo. Nilijaribu kumweka upande, akaonekana kama mtu anayesikiliza maneno ya jirani.

Bwana yangu alirudi kutoka kazini, akavua koti, akasimama mbele ya kabati.

"Huyu ni nani?"

"Ni Bikira Maria."

"Watu wa biro wakikuja nitawaambia nini? Watasema nimeweka mulimaji mu saloni."

"Waambie ni Mama wa Mungu."

"Na Mungu mwenyewe iko wapi?"

Nikaenda nikaigeuza sanamu. Akainama, akatazama, akacheka mpaka akakaa. Usiku ule sikumpikia chai.

Mama mkwe wangu alikuja kutoka Kavumu, alikokuwa akiuza viazi vitamu kando ya barabara. Alikuwa Mkatoliki wa chuma, wa misa kila asubuhi. Niliwaza: huyu angalau atanielewa. Asubuhi yake ya kwanza niliamka nikakuta sanamu imefunikwa kitambaa cha meza kuanzia kichwa mpaka miguu.

"Mukamwana," akaniambia, "mu nyumba ya mutoto yangu sitaki vitu vya mizimu."

"Mama, ni Bikira Maria."

"Bikira mie namujua. Iko na nguo ya bulu."

Nikimfunua, anamfunika. Niliporudi kutoka shule, mara yuko chini ya kabati, mara yuko jikoni nyuma ya makaa. Sikuweza kumpigia kelele mama ya bwana yangu. Nilitabasamu meno yakauma.

Mwezi wa rozari ukafika, mama mkwe amekwisha kurudi Kavumu, na wamama wa mtaa wakaja kusali kwetu. Nilikuwa nimefagia, nimeweka maua. Kiongozi wao, mama mmoja mwenye sauti ya kengele, alitazama kabati, akatazama wenzake.

"Maman, tutasali mbele ya nani?"

"Mbele yake huyo."

"Na Mutoto?"

Nikaeleza. Wakapita mmoja mmoja kuchungulia nyuma ya sanamu kama watu wanaotafuta panya. Mwishowe kiongozi alitoa katika kitabu chake cha misale kikaratasi cha Bikira mwenye nguo ya buluu, akakiegemeza juu ya miguu ya sanamu yangu, na wote wakasali wakitazama kikaratasi. Walipoondoka akaninong'oneza: "Mupeleke kwa padri abariki. Watu wasije wakasema."

Nikampeleka. Padri wetu alikuwa mzungu mwenye ndevu, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Nilitaka maji ya baraka na ishara ya msalaba, basi, nirudi kwangu. Alipoiona akapiga makofi.

"Mais c'est magnifique! Mama, hii ndiyo sanaa ya kweli! Nani alichonga? Uniachie siku chache, wenzangu waione."

"Mon père, nilikuja juu ya baraka tu."

"Ndiyo, ndiyo, tutabariki. Siku chache tu."

Mtu gani anamnyima padri? Nikashuka mikono mitupu. Baraka yenyewe aliisahau kwa furaha.

Siku chache zikawa Majilio. Majilio yakawa Noeli, ambayo mwaka ule serikali iliifanya siku ya kazi kama siku nyingine; tulifundisha. Nyumbani nilikuwa na kabati tupu lenye alama ya duara ya kitako cha sanamu. Kila Dominika niliuliza, kila Dominika aliniambia kuna mgeni anakuja, mgeni lazima aione. Wote waliokuwa wameikataa walikuwa wameniudhi. Huyu aliyeipenda aliniudhi kuwapita wote. Mie sikutaka pongezi. Nilitaka kusali kwangu.

Alasiri moja nikapanda mpaka nyumba ya mapadri bila kualikwa. Padri alikuwa safarini. Mpishi akanifungulia saloni ya wageni, na pale, juu ya rafu, nikamwona mama yangu wa mbao, mgongo ukutani, na mtu ametundika kofia yake ya jua kwenye jembe.

"Padri haiko," mpishi akasema. "Hakuna ruhusa ya kutoa kitu."

"Ruhusa ya kitu changu mwenyewe?"

Niliweka kofia juu ya kiti. Libuyu ni nzito na njia ni ndefu, nami nilikuwa na kitenge kimoja tu. Nikamfunga mgongoni, nikapita barabarani hivyo, katikati ya wauza sabuni na ndizi wa Kadutu. Mwanamke mmoja akaniuliza, "Maman, mutoto gani huyo mwenye kichwa kigumu hivi?" Sikucheka. Nilikuwa nalia kwa hasira, na jembe lilikuwa linanichoma shingoni.

Kufika nyumbani nilimweka katikati ya meza ya kulia. Si kabatini tena. Pale angeonekana pande zote.

"Tutakula wapi?" bwana yangu akauliza.

"Pembeni yake."

Alinitazama, akaona heri asibishane. Kuanzia siku ile tulipitisha sahani ya bugali kulia au kushoto kwa Bikira. Kiti changu kilikuwa mbele yake, cha bwana yangu upande wa pili.

Baada ya Pasaka mama mkwe akarudi. Nilijiandaa kwa vita. Siku yake ya pili niliingia kutoka shule, nikamkuta amekaa chini kwenye mkeka, sanamu imelala kifudifudi juu ya mapaja yake. Alikuwa amechovya pembe ya kitenge chake katika mafuta ya mawese, anapangusa mikunjo ya kitambaa, polepole, mahali ambapo kidole hakifiki.

"Mutoto huyu," akasema bila kuinua kichwa, "vumbi imemuziba macho. Mu nyumba hii hakuna mwenye kumuangalia?"

Mie! Mie niliyembeba mgongoni katikati ya Kadutu! Alimaliza, akamwinua, akampima mikononi.

"Nikirudi Kavumu nitaenda naye."

"Hapana, mama."

Sijui neno lilitokaje. Katika miaka yote ya ndoa sikuwa nimemwambia hapana. Alinitazama kama mtu aliyemwagiwa maji. Kesho yake alifunga mizigo, na bwana yangu akaniambia kwa sauti ya chini, "Umenyima mama yangu. Juu ya mbao."

"Ulisema mwenyewe ni mulimaji, si mbao," nikamjibu.

Bwana yangu alikwenda Nyantende yeye mwenyewe, na viatu vyake vya biro, kumwomba mjomba achonge nyingine kwa ajili ya mama yake. Mjomba alimjibu kwamba amesikia. Mpaka tulipohama Cimpunda hatukuona kitu, na mama mkwe hakuacha kutuma watu kuuliza.

Mie niliendelea kusali pale mezani, kila jioni baada ya chakula, peke yangu, nimechoka, mara nyingi nikiwa na hasira kuliko imani. Bwana yangu alibaki kwenye kiti chake na redio yake ndogo sikioni, uso kwa uso na yule Mtoto ambaye mie, kutoka upande wangu, sikumwona. Jioni moja, katikati ya litania, nilisikia sauti ikinijibu, "Utuombee." Nikainua macho. Redio ilikuwa imezimwa. Sikujua tangu lini. Nilitaka kumuuliza, na maneno yote ya hasira ya miaka yalikuwa tayari mdomoni. Niliogopa kwamba nikiuliza ataacha. Nikataja jina lililofuata.