Ndege ya Tajiri na Mdomo wa Baba Mkubwa

Ngii, ngii, ngii. Ndivyo ilivyolia ngobyi siku wanawake walipombeba mama yangu kutoka kwetu Mabawe hadi barabarani. Ngobyi ni machela ya kusukwa ya kubebea mgonjwa, na tangu nizaliwe nilikuwa nimeiona kwenye mabega ya wanaume tu. Kwetu mwanaume akiitwa kubeba mgonjwa anaacha jembe, anaacha hata chakula, anakwenda. Siku ile hawakuja. Tulibeba sisi: shangazi, majirani na mimi mwenyewe, kanga tumezifunga kiunoni, miti ya machela inatukata mabega, na mama humo ndani anaomba radhi kila tukijikwaa, utadhani yeye ndiye aliyetukosea.

Aliyewakataza wanaume ni baba mkubwa. Baada ya baba kufariki yeye ndiye mkubwa wa nyumba yetu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, masista wa shuleni wamenitafutia nafasi ya kwenda kusomea urubani, na yeye alikuwa ameshakunywa pombe ya posa yangu na watu wa Kaniha bila kuniuliza. Mama akasema huyu haolewi, anakwenda kurusha ndege. Baba mkubwa alicheka hadi akafuta machozi.

"Kurusha ndege! Kuku wako mwenyewe uzio unamshinda, shemeji." Halafu kicheko kikakatika. "Sawa. Siku ukiugua, hiyo ndege ije ikubebe."

Mama akaugua, na mzee akashika neno lake.

Mama alipona. Mimi nikaruka. Sasa naendesha ndege ndogo ya injini moja kutoka Mwanza. Nabeba watalii, nabeba maboksi ya dawa, na siku moja nilibeba maharusi wawili waliotapika kwa pamoja kama waliopeana zamu. Naipenda kazi yangu. Huko juu naimba, maana hakuna wa kuniambia sauti yako mbaya. Lakini nikielekea magharibi na vilima vya Ngara vikaanza kuonekana, moyo wangu huu, ambao mama husema ni laini kama ndizi mbivu, unageuka jiwe.

Mwaka huu nikaitwa kazi ya nje. Tajiri mmoja wa Uarabuni ana ndege yake binafsi, ya viti vya ngozi nyeupe, kitanda na bafu, na alikuwa anatafuta rubani msaidizi. Wanaomtafutia watu walinihoji kwa simu, wakanikubali, wakasema watanifundisha ndege yenyewe hukohuko. Walitaka jibu kabla ya Jumatatu. Nikaomba ruhusa kazini, nikaja nyumbani kulipima jambo hili.

Sitaficha: cha kwanza kunijia kichwani hakikuwa ndege, kilikuwa nyumba. Nitajenga ghorofa mkabala na lango la baba mkubwa, bati jekundu, ili kila asubuhi akitoka kwenda chooni aione kabla hajaliona jua. Hadi rangi ya mapazia nilishachagua.

Nilimpigia dada mmoja, rubani mwenzangu, aliyewahi kufanya kazi kama hiyo.

"Mdogo wangu, utaruka kidogo, utasubiri sana," akaniambia. "Bosi akitamani kula chakula cha jioni nchi nyingine, unaamka. Asipotamani, unakaa hotelini unaangalia ukuta. Wewe ni dereva wa nyumbani kwa mtu, tofauti ni mabawa tu."

"Na ndege yenyewe, dada?"

"Ndege yenyewe, mdogo wangu, ukivuta usukani inapanda kama imetukanwa."

Usiku ule niliota napanda.

Asubuhi yake, tukimenya ndizi, nilimwambia mama yote, pamoja na ghorofa. Akacheka kwanza, kisha akaweka kisu chini.

"Mimi nilishamsamehe shemeji yangu. Wewe kama hujasamehe, usisingizie ugonjwa wangu. Ukienda, nenda kwa sababu unataka kwenda."

"Na wewe utabaki na nani?"

"Ulipokuwa Mwanza nilibaki na nani? Menya ndizi, maji yanachemka."

Nikamenya. Lakini sikusamehe.

Jumamosi nikaenda sokoni Mugoma kununua maharage. Nikamwamkia mama muuzaji, shikamoo, akaitikia marahaba, akanikazia macho.

"Wewe siye yule binti wa mzee wa Mabawe? Utakayeendesha wafalme?"

"Nani kasema, mama?"

"Si mwenyewe mzee! Anasema alikusomesha yeye, akamaliza ng'ombe wake wote. Kesho anakuaga. Kaalika hata watu wa Kaniha waje waone."

"Ng'ombe gani hao?"

"Mimi nitawajuaje ng'ombe wake, mwanangu? Nikupimie ngapi?"

Shangazi alikuwa ametusikia jikoni, na mdomo wa shangazi hauna kifuniko. Nilirudi na maharage nimeyakumbatia kifuani, nalia kwa hasira. Nikienda, nimempa mzee sifa. Nisipoenda, nimempa maisha yangu. Nikakaa chini kando ya njia, nikajiuliza: kama mtu huyu asingezaliwa, ungeitaka ile ndege? Nikaitaka. Niliitaka hata bila ghorofa, hata na ule ukuta wa hotelini. Basi kwenda nitakwenda. Ila sifa hatazipata. Jumapili kabla ya misa nikamweleza mama nilichopanga, akatikisa kichwa, lakini hakunikataza.

Baada ya misa ua wa baba mkubwa ulijaa. Chungu cha pombe ya mtama kilikuwa katikati, maji ya moto yameshamiminwa, mirija imesimama ndani. Kwetu anayekwenda mbali hupewa mrija wa kwanza na mkubwa wa nyumba. Anakunywa, anatamka kwamba anakwenda, na mkubwa anamfungulia njia. Kuondoka bila mrija huo ni kumwambia mkubwa kwamba hayupo.

Mzee alisimama na koti lake la sikukuu. Akaeleza alivyoniona tangu mdogo kwamba nina akili ya juu. Akawageukia watu wa Kaniha, akawaambia sasa mnaelewa kwa nini niliwanyima. Kisha akaninyooshea mrija.

"Kunywa, mwanangu. Useme."

Niliupokea kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Nikaurudisha chunguni bila kuutia mdomoni.

"Nashukuru, baba mkubwa. Ila mimi siendi kokote."

Mama akainamia vikombe kama anavihesabu.

"Huendi? Si ulisema..."

"Nilikuambia mimi? Lini, baba mkubwa?"

Mzee mmoja wa Kaniha akakohoa. "Sasa hao wafalme wako, bwana mkubwa, watakwenda kwa miguu?"

Ua mzima ukapasuka kwa kicheko. Baba mkubwa alijaribu kucheka nao, mdomo ukakataa. Mkono wake ulikuwa bado umenyooka, mkono wa mzee, na moyo wangu mpumbavu ukataka kuushika. Sikuushika. Nilimwangalia hadi akaketi, na siwezi kusema kwamba haikuwa tamu. Nitakapokuwa nimeshaondoka, habari ataipata Mugoma, kwa muuza maharage, wa mwisho kuliko wote.

Niliwaacha wakigombania mirija. Nikapita migombani hadi juu ya kilima, mahali simu inaposhika mtandao. Nikaandika: "Nimekubali. Nakuja." Nikapanda juu ya jiwe, nikainua simu juu ya kichwa, nikaishikilia hivyo hadi ujumbe ukaenda.