Mwanamke wa Sita Ukutani

Miaka ya sabini ikielekea mwisho, nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, na kazi yangu ilikuwa kuandika mabango. Maduka na mabucha mengi ya mji wa Isiolo yalikuwa na maandishi ya mkono wangu. Kushika brashi nilifundishwa na baba, dereva wa lori la kwenda Merti, aliyependa kuchora maua kwenye milango ya lori lake.

Baba alikuwa Msomali wa mjini, mjukuu wa askari aliyeletwa na Waingereza. Mama alikuwa Mmeru aliyesilimu ili waoane, na tangu siku hiyo watu wa kwao hawakukanyaga kwetu. Kwa shangazi zangu nilikuwa mtoto wa yule Mmeru. Sokoni, wanawake wa Meru waliposikia nikiwajibu kwa Kimeru, walicheka kana kwamba wamesikia mbuzi akiongea. Nilipoenda kuandikishwa kitambulisho, karani aliangalia nywele zangu, akajaza kabila bila kuniuliza. Sikumsahihisha. Ningemwambia nini?

Basi mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mtu wa Nyeri, mkali lakini wa haki, akanipa kazi. Alitaka picha kwenye ukuta wa bwalo jipya.

"Wanawake watano," alisema. "Mborana, Msomali, Mturkana, Msamburu, Mmeru. Kila mmoja na nguo za kwao. Na uandike kabila chini, watoto wasome. Ijumaa mkaguzi anakuja kufungua bwalo."

Nilichora siku nne. Nilipomaliza wa tano, upande wa kulia palibaki nafasi ya mtu mmoja. Ningeweza kuijaza kwa mti wa mgunga tu. Badala yake nilichora mwanamke aliyejifunga mtandio wa Kisomali, na juu ya mtandio, kwenye paji la uso, umepita mkanda wa kiondo, kikapu cha kusuka, kilicholala mgongoni, jinsi Wameru wanavyobeba. Wale watano walitazama pembeni. Huyu alitutazama sisi.

Mwalimu mkuu alisimama mbele yake, mikono nyuma.

"Huyu ni kabila gani?"

"Ni mimi, mwalimu."

"Sikukuuliza jina. Nimekuuliza kabila."

"Sijui."

"Mkaguzi akiniuliza, nimwambie shule yangu haijui? Umfute kabla ya Ijumaa."

Alhamisi mchana nilikuwa nimeshafungua mkebe wa rangi nyeupe mama aliponiletea chakula. Aliweka sufuria kwenye benchi, akaanza kuwatazama wale wanawake mmoja mmoja. Alipofika kwa wa mwisho akakunja uso.

"Mbona umenipa pua ya baba yako?"

"Mama, huyo si wewe."

"Ni nani mwingine hapa mjini anabeba kiondo juu ya mtandio?"

Tangu utotoni nilimwona hivyo kila jioni akirudi kutoka sokoni. Mimi mwenyewe sikuwahi kubeba kiondo hata siku moja. Nilidhani nimejichora, kumbe nilikuwa nimemchora yeye.

Nikamwambia picha inafutwa, na kwa nini. Mama hakupandisha sauti. Alifuta mikono kwenye leso, akavuka uwanja hadi ofisini, nami nikamfuata na brashi mkononi.

"Habari, mwalimu," alisema. "Yule wa sita ukutani ni mimi, na niko na watoto wanne katika shule hii. Wadogo wa huyu. Kwa daftari yako wameandikwa kabila gani?"

Mwalimu mkuu alivuta daftari, akafunua kurasa, kidole kikishuka polepole. Kisha akavua miwani.

"Hapa pako wazi," alisema. "Siku ya kuwaandikisha, mzee wako alisema moja, wewe ukasema lingine. Nikaacha." Alifunua tena. "Na hawako peke yao. Wako wengi hivi."

Alifunga daftari. Nilisikia watoto wa darasa la kwanza wakihesabu kwa sauti.

"Mwache ukutani," aliniambia mwishowe. "Lakini chini yake usiandike kitu."

Usiku ule nililala vibaya. Nilikuwa nimejitungia jibu refu la kumpa mkaguzi, na kila nilipolirudia lilizidi kuharibika.

Ijumaa mkaguzi alitembea kando ya ukuta akisoma kwa sauti: Mborana, Msomali, Mturkana, Msamburu, Mmeru. Kwa wa sita aliinama, akatafuta maandishi, akainuka.

"Na huyu?"

Nilifungua mdomo. Mwalimu mkuu alinitangulia.

"Huyo ni mzazi, bwana. Ako na watoto hapa."

"Aa," mkaguzi alisema. "Vizuri." Halafu akauliza tangi la maji litakamilika lini, wakatoka nje kulitazama.

Nilikaa kwenye benchi. Mama, aliyekuwa amesimama nyuma na wazazi wengine, alikuja akakaa kando yangu, mabega yakimtetemeka kwa kicheko alichokuwa akikibana. Nami nikacheka. Hakuna aliyeniuliza kitu siku ile. Pilau ilipoletwa nilikula sahani mbili.