Meza Yenye Pazia

Jirani yangu Cassien akishaamua jambo, heri umwache. Hapa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi nchini Uganda, watu walimcheka aliposema atampeleka mkewe mjini Mbarara kula hotelini, kuadhimisha miaka thelathini ya ndoa yao. Mkulima wa mahindi, na hoteli! Mimi sikucheka sana, maana nilijua kwamba Godeberthe hali mbele ya watu.

Kwao Burundi alilelewa hivyo: mtu mzima mwenye heshima hatafuni barabarani wala sokoni. Chakula ni cha ndani, mlango umefungwa. Zamani, watoto wakishalala, yeye na Cassien walikuwa wakila sahani moja. Kisha wakakimbia. Kwenye kituo cha kupokelea wakimbizi walipewa posho, yaani ugali, na maharage uwanjani, umati mzima ukitazamana. Godeberthe alikula kwa njaa huku machozi yakimtoka. Tangu siku ile hajala na mtu yeyote. Humwandalia mumewe, kisha hujifungia jikoni peke yake. Cassien aliniambia tukiwa shambani kwamba anamkumbuka mkewe ilhali wanalala nyumba moja.

Basi akapanda gari hapo Rwekubo, senta ya karibu na kambi, akaenda Mbarara kuchagua. Hoteli ya kwanza ilikuwa na veranda nzuri yenye maua, akaikataa. Ya pili ilikuwa na madirisha makubwa ya kioo, wapita njia wanakuona mpaka kooni. Ya tatu, ya kifahari kuliko zote, wahudumu wake walisimama nyuma ya viti vya wateja. Kote aliuliza swali lilelile, kote wakamwona amechanganyikiwa. Mwishowe akaingia kwa Nasimah, mama wa Kiislamu anayeuza pilau karibu na msikiti.

"Mama, uko na fasi ya kula bila batu kuona?"

Nasimah hakushangaa, akamwita bwana kwa lugha ya huko. "Iko, sebo. Pale nyuma ya pazia. Wamama ya kufunika uso nakula huko."

Siku yenyewe ilipofika, Godeberthe alivaa kitenge chake cha misa. Nasimah aliwaletea pilau na nyama ya mbuzi kwenye sahani moja, kama Cassien alivyoomba, akafunga pazia na kuondoka. Godeberthe alinawa. Halafu mikono yake ikabaki mapajani.

"Kula, mama Sonia. Hakuna mutu."

"Weye uko. Na ile siku ya uwanjani uliniona."

Hilo Cassien hakuwa amelifikiria. Alikuwa amezunguka mji mzima akitafuta mahali pa kumficha mkewe na macho ya watu, kumbe na yake yamo. Alinyanyuka, akatoka, akakaa kwenye benchi karibu na ndoo ya maji ya kunawa. Aliumia, wala hakunificha. Alijiona mjinga, mzee mzima anayelazimisha furaha.

Nasimah alimsogelea. "Mzee, chakula mbaya?"

"Hapana. Bibi anakula."

Hakuwa na hakika. Nyuma ya pazia kulikuwa kimya, na wateja wengine walishaanza kumtazama. Alikuwa anafikiria gari la kurudi aliposikia jina lake likiitwa kwa sauti ya chini. Akalisogeza pazia kidogo.

Godeberthe alikuwa ameketi palepale, vidole vimeloa mafuta, shavu moja limejaa. Hakuuficha uso.

"Ingia tule," alimwambia, huku akitafuna.