Muli na Shaba ya Manowari

Muli, mfua vyuma wa Kanyangi, sikumpenda hata siku moja, na sifichi. Mwaka wa 1934 alirudi kutoka Mombasa na magunia mawili ya shaba: koki, valvu, vipande vya bomba, vyote vipya, vingine bado vina grisi. Mwezi huohuo stoo moja ya reli ilivunjwa, askari wakaanza kupekua nyumba za watu. Na huyu ndiye aliyetaka kumwoa dada yangu Kalondu. Haki ya Mungu!

"Ni vipuri vya manowari," alitueleza. "Zile ndogo za mbio, zilizowinda nyambizi wakati wa vita vya Wajerumani. Zimestaafishwa zote, zikavunjwa. Vipuri vikabaki ghalani bila meli. Sisi makuli tukagawiwa badala ya mshahara."

Meli zife, vipuri vibaki vipya? Wacha we! Nani mjinga hapa?

Baba akamwambia, "Apa kwa kithitu kwamba si mali ya wizi, kisha ulete mbuzi wa mahari." Kithitu, fingo la kiapo lililokuwa limewekwa mbele yetu, si mchezo: akiapa mwongo, hufa yeye na watu wa nyumba yake kabla miezi saba haijaisha. Muli akakataa. Eti amebatizwa misheni, kanisa limekataza. Nikapiga makofi. "Mnaona? Asiye na hatia anaogopa nini?"

Kalondu akainuka, akanyakua kijiti mkononi mwa mzee Nzuki, mtunza kithitu.

"Nitamwapia mimi."

"Mwanamke haapi!" mzee akafoka.

"Kwani kithitu kitaniuliza?" Akakipiga kithitu kwa kile kijiti mara saba, akisema kwamba shaba ya Muli ikiwa ya wizi, kithitu kimle yeye na nyumba yetu yote.

Nyumba yetu! Yaani Baba, Mama, mimi, na binti yangu mdogo Mbula.

Toka siku hiyo sikuwa na raha. Mama akikohoa, namlaani Muli. Mara tatu nilikwenda kiwandani kwake, nikageuza kila koki nikitafuta alama ya reli. Sikuiona.

"Shemeji, umepoteza nini?" akaniuliza akicheka. Shemeji! Nilitamani kumzaba kofi.

Mwezi wa saba tangu kiapo, Mbula akashikwa na homa, siku tatu hali chochote. Nikakaa kando yake. Mimi, niliyemtangaza Muli mwizi soko zima, kila aliyekuja kumjulia hali mtoto nilimwambia, "Muli si mwizi. Mnasikia? Si mwizi yule!" Nilisema mpaka sauti ikakauka, huku nikimwomba Mungu iwe kweli.

Siku ya nne homa ilishuka, na mwezi ukaisha bila mtu wa nyumba yetu kufa. Kalondu aliolewa baada ya mavuno. Ile shaba bado siielewi, lakini mtu akimsema Muli vibaya mbele yangu, tutapigana.