Kompyuta inayowaka kwa ufunguo

Jamani, leo kiwandani kwetu Zegereni kompyuta imegoma kuwaka kwa sababu fundi yuko shambani Msimbu.

Sitanii.

Jana Beno, mtaalamu wetu wa kujitapa, aligawa upya diski ya kompyuta hiyo, akaweka mfumo wa Linux kutoka kwenye flashi yake. Ikawaka, tukampigia makofi. Akachomoa flashi, huyo, akaondoka.

Leo nawasha: skrini nyeusi tii. Getini malori yanapiga honi, vibali vyao vya kutokea vimo humo humo kwenye kompyuta.

Nikampigia.

"Beno, ile programu ya kuamsha mashine uliiweka wapi?"

Nasikia ng'ombe tu.

"Kwenye diski... si ndiyo?"

"Beno!"

"Basi itakuwa kwenye flashi."

Flashi iko mfukoni mwake. Msimbu!

Kaja na boda, vumbi mpaka kwenye kope. Kachomeka flashi, mashine ikaamka. Bosi wetu, Mama Upendo, akauliza kulikoni. Beno hata hakupepesa macho:

"Ni ulinzi huo, mama. Bila ufunguo haiwaki."

Mama kafurahi huyo! "Kesho kompyuta zote uzifanye hivyo!"

Na mimi, ninayejua ukweli wote, ndiye niliyeteuliwa mtunza funguo.

Hebu niambieni, nicheke au niache kazi?